Udongo wa Kisesa Katika Daftari la Dorcas Kija Nkwabi

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani wa Nyegezi, na nyinyi mliofanya kazi pamoja na marehemu, familia imemtaka Nathaniel Nkwabi, kaka yake mkubwa, aandike maisha ya marehemu na kuyasoma mbele yenu leo Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1999. Katika maandishi haya kila anayehusika ametajwa kwa jina lake, na kaka huyo naye ametajwa hivyohivyo, kama mtu mwingine yeyote. Mnaombwa kuvumilia, kwa kuwa ni marefu kuliko mlivyozoea, na iko sehemu ambayo wengi wenu hamjapata kuisikia.

Marehemu Dorcas Kija alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Juni 1946, saa nne asubuhi, katika kijiji cha Kisesa, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho wa Mzee Nkwabi Masanja na Mama Tereza Kashindye, ambao wote wawili wamekwisha kutangulia. Tarehe hiyo ni ya hakika, si ya kukadiria kama ilivyo kwa wengi wa rika lake, kwa sababu Nathaniel, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na sita na yuko nyumbani kwa likizo ya shule ya kati, aliiandika siku ileile kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia ya baba yao. Walimu wake wa wakati wa Mwingereza walikuwa wamemfundisha kwamba habari isiyo na jina wala tarehe ni uvumi, na ndivyo alivyomlea mdogo wake. Kija alipokuja mbio kusema ndama amezaliwa, alirudishwa zizini akaulize ni wa ng'ombe yupi, na saa ngapi.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza hapo Kisesa mwaka 1954, akaingia shule ya kati ya wasichana mwaka 1958, akamaliza kidato cha nne Tabora mwaka 1965, na mwezi Januari 1966 akaenda Mpwapwa kusomea ufundi wa maabara ya mifugo, akatunukiwa cheti mwezi Novemba 1967. Walikuwa wasichana wawili katika darasa la watu thelathini na mmoja.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa katika maabara ya mifugo hapa Mwanza, akakaa hapo miaka thelathini na nusu, akipima damu, maziwa na kinyesi cha ng'ombe kutoka pande zote za ziwa. Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa ya kanisa na Mwalimu Elias Chenge wa hapa Nyegezi, wakajaliwa watoto watatu, Rebeka aliyezaliwa mwaka 1972, Pius aliyezaliwa mwaka 1975, na Antoni aliyezaliwa mwaka 1979, nao wote wako mbele yenu. Mwalimu Chenge alifariki tarehe 9 Mei 1988, na kaburi lake ndilo hilo mnaloliona pembeni mwa hili lililochimbwa jana.

Sasa tunafika kwenye kazi yake ya mwisho.

Ilipofika mwaka 1993, biashara ilikuwa imefunguliwa, na dawa za mifugo, ambazo zamani zilipitia kwa bwana mifugo tu, zikaanza kuuzwa madukani kama sabuni. Mabatini peke yake palikuwa na maduka matano. Majosho ya vijijini nayo yakakauka, kwa kuwa dawa ya kupe haikuletwa tena, na mfugaji aliyeona ng'ombe wake anapumua kwa shida alijinunulia chupa ya dawa ya njano, ile ambayo wafugaji huiita oksi, na bomba la sindano, akachoma mwenyewe kwa kukisia. Marehemu aliliona hilo katika sampuli zilizofika mezani kwake, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa vikifa kwa dawa hiyo vilianza kuizoea. Siku moja ya mwaka 1996 alimwendea mkuu wake, Daktari Shaibu Juma, ambaye yuko nasi hapa, akamwambia, "Daktari, tunapima ng'ombe, tunapima maziwa. Kinachoanguka nyuma ya ng'ombe hatukipimi, na hicho ndicho watu wanachopandia mchicha."

Daktari Shaibu anasema alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliomba ruhusa, ikatolewa, lakini kwa sharti kwamba kazi iishe na taarifa isomwe kabla ya mwezi Machi 1998, kwa sababu wakati huo wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na taarifa hiyo ndiyo ingeamua kama chumba cha marehemu kitabaki au kitafungwa. Juu ya hapo, wapo waliokuwa wanaandaa masharti mapya ya kuuza dawa za mifugo, na walihitaji kitu cha kushika mkononi. Kwa hiyo marehemu alijua tangu mwanzo kwamba akikosea hatakosea kwa ajili yake peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alichukua udongo kwenye bustani kumi na mbili za mboga ufukweni Igogo, zilizowekwa mbolea ya kuku na ya ng'ombe, akaukausha kivulini, akauchekecha, akauloweka katika maji maalumu ya maabara, akachuja. Maji yaliyochujwa aliyadondoshea kipande cha karatasi, akakiweka juu ya sahani ya utando mzito kama uji ulioganda, wenye vijidudu visivyo na madhara. Kesho yake vijidudu vilikuwa vimeota sahani nzima na kuifanya kuwa na ukungu, isipokuwa pale penye dawa, ambapo palibaki duara jeupe, safi. Aliweka rula, akasoma milimita. Udongo usio na dawa hauna duara.

Bustani hizo zilikuwa na wenyewe, na wenyewe waliogopa. Bibi Mwanvua Shabani wa Igogo, ambaye tangu Jumatano amekuwa jikoni kwetu akipikia wafiwa, alisimama katikati ya matuta yake na jembe mkononi, akamwambia, "Mama Rebeka, chukua udongo hata gunia. Lakini ukiandika jina langu, kesho sokoni wataniambia mchicha wangu una sindano. Nitamuuzia nani, samaki?" Marehemu alicheka, akamuahidi kwamba hakuna jina la mtu litakaloingia katika taarifa ile, namba tu, na ahadi hiyo akaitunza kwa kila mtu, kama mtakavyosikia.

Lakini mpimaji anahitaji pia udongo ambao ana hakika ni safi, wa kulinganishia, na hapo ndipo marehemu alipofanya kosa ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alikwenda nyumbani. Alichukua udongo wa shamba la baba yake Kisesa, lililowekwa samadi ya zizi la baba yake, kwa sababu tangu utoto wake alisikia, na Kisesa nzima ilisikia, kwamba ng'ombe wa Nkwabi hawajui sindano. Nathaniel, aliyerithi zizi hilo na ambaye ni mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa akiyasema maneno hayo. Alikuwa ameyasema hata kanisani mwaka 1995, akiwakemea wanaouza maziwa ya ng'ombe walio katika dawa, na kwa neno lake hilo zahanati ilichukua maziwa yake kwa ajili ya wagonjwa na watoto.

Udongo wa kwanza wa Kisesa ulichukuliwa tarehe 16 Desemba 1996, na ulipopimwa ukaonyesha duara la milimita kumi na moja. Marehemu aliumwaga, akadhani ni uchafu wa chombo. Alichukua tena tarehe 28 Aprili 1997, duara likawa milimita tisa. Alichemsha upya kila chupa, akabadilisha maji, akamkataza kila mtu kugusa meza yake, akachukua mara ya tatu tarehe 21 Julai 1997, na duara likawa milimita kumi na tatu. Bustani za Igogo zilikuwa kati ya kumi na tano na kumi na tisa. Bila udongo safi wa kulinganishia, namba za Igogo hazikuwa na mahali pa kusimama. Daktari Shaibu anasema katika wiki ile Dorcas alikonda, na alikuwa akitazama vidole vyake kama vidole vya mtu mwingine.

Jumamosi, tarehe 26 Julai 1997, alikwenda Kisesa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Kija. Za Nyegezi?"

"Njema. Leo nimekuja kwa kazi, siyo kwa ugali."

"Ugali utakula, kazi utauliza," Nathaniel akajibu, na mpaka hapo walikuwa wanacheka.

Akamuuliza kama ng'ombe wa zizi lile wamepata kuchomwa sindano, hata mmoja, hata mara moja. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na chombo chake cha maziwa. Nathaniel akapaza sauti ili jirani asikie, akasema, "Sindano? Unaniuliza mimi? Zizi hili la Nkwabi halijui sindano, kaulize Kisesa nzima." Marehemu aliandika neno hapana katika daftari lake, akala ugali, akarudi mjini kwenda kutafuta kosa katika mikono yake mwenyewe.

Mwezi uliofuata alipita madukani Mabatini kuorodhesha dawa zinazouzwa. Bwana Iqbal, mwenye duka la pili kutoka barabarani, alikuja juzi Alhamisi kutoa pole, na ni yeye aliyeeleza yaliyotokea siku ile. Alimwagizia mama soda, akamwambia kwa utani, "Nyinyi watu wa Kisesa mna adabu. Nina mteja mmoja, mzee, kofia haimtoki, anaandika jina la dawa mwenyewe kwenye karatasi, herufi nzuri kama za serikalini, hata nukta haisahau. Wengine hapa wanasema tu, nipe ile ya njano." Bwana Iqbal anasema mama aliishika soda bila kuinywa, akamuuliza kama karatasi mojawapo bado ipo. Ilikuwapo, imetumika kufungia misumari. Akaitazama, akairudisha, akaaga.

Jumapili, tarehe 14 Septemba 1997, alikwenda tena Kisesa baada ya ibada. Safari hii hakuuliza mbele ya mtu. Alifungua daftari juu ya meza, kwenye ukurasa wenye safu nne, ambazo ni mahali, tarehe ya udongo, milimita, na tarehe ya dawa ya mwisho. Katika mistari mitatu ya Kisesa safu ya nne ilikuwa tupu, na lile neno hapana alikuwa amelikata. Akaweka kalamu pembeni, akasema, "Kaka, sikuulizi kama. Nakuuliza lini."

Nathaniel alilifunga daftari, akalisukuma kwake taratibu, akamwita mkewe akamuuliza chai imekwama wapi.

Marehemu hakuuliza tena. Tangu siku hiyo hadi alipougua alikwenda Kisesa kila mwezi kama kawaida yake, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakazungumza habari za mvua na za watoto, na daftari likabaki katika mkoba wake, miguuni pake, na wote wawili walijua lilipo.

Angeweza kutafuta udongo mwingine wa kulinganishia, na alikusudia hivyo, lakini kuanzia mwezi Oktoba zikaja zile mvua za El Niño ambazo hakuna aliyezisahau. Bustani za Igogo zikazama, Bibi Mwanvua akavuna magugu maji mahali pa mchicha, na hapakuwa tena na udongo wa kupima wala wa kulinganishia hadi siku ya mwisho aliyopewa.

Taarifa ilisomwa Jumanne, tarehe 24 Februari 1998, katika ukumbi uliojaa, kukiwa na maofisa kutoka Dar es Salaam na wenye maduka ya dawa. Marehemu alisoma namba za Igogo, kisha, bila kulazimishwa na mtu, akasoma na namba za Kisesa. Ofisa mmoja akamuuliza, "Bibi Dorcas, huo unaouita udongo safi umeutoa wapi?" Akajibu kwamba ni kwenye shamba aliloliamini. "La nani?" Daktari Shaibu, aliyekaa karibu naye, anasema alimwona anafungua daftari kwenye ukurasa wa Kisesa, kisha analifunga. Mwenye duka mmoja kutoka nyuma akasema kwa sauti, "Mwacheni mama wa watu, labda rula yake ndiyo ilichomwa sindano," na ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kilipokwisha, marehemu akasema, "Niliahidi kutotaja majina. Udongo niliuchagua mimi, na kosa ni langu." Akakaa.

Taarifa ikawekwa kando kwa kuwa haikuwa na msingi. Masharti ya kuuza dawa yakaendelea kusubiri. Tarehe 30 Juni 1998 chumba chake kikafungwa, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wapo waliosema alitunga namba ili kulinda ajira yake, na maneno hayo yalifika hadi Kisesa, yakasemwa kwenye mnada mbele ya Nathaniel Nkwabi, naye akatazama chini.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo mwezi Novemba 1998, ikagundulika kuwa ni saratani, na baada ya kutibiwa na kurudi nyumbani mara tatu alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 2 Agosti mwaka huu. Jumanne iliyopita, tarehe 17, saa kumi alasiri, Nathaniel alikwenda kumwona. Alimkuta amekaa, ameegemezwa mito. Walipokwisha kusalimiana alimwambia Rebeka, "Mpe mjomba wako lile daftari." Nathaniel alikuwa ameondoka Kisesa na nia ya kusema, lakini wodi ilikuwa imejaa watu waliokuja kuona wagonjwa wao, na baadhi ni wa kanisani kwake. Akasema, "Pumzika kwanza, Kija. Kesho nitakuja asubuhi, tutaongea." Marehemu akamtazama, akasema, "Haya, kaka."

Dorcas Kija alifariki Jumatano, tarehe 18 Agosti 1999, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na tano.

Historia ya marehemu ingepaswa kuishia hapo. Lakini aliyoyaandika yana mistari mitatu isiyokamilika, na mwenye kuikamilisha ndiye huyu anayewasomea. Nathaniel Nkwabi ni mimi.

Homa ya mapafu iliingia zizini kwangu mwezi Februari 1994, ikaua ng'ombe kumi na mmoja kwa wiki tano. Tarehe 14 Machi 1994 nilikwenda Mabatini, na jioni yake nikawachoma sindano waliobaki. Tangu siku hiyo niliwachoma mara tisa, na kila mara nilikwenda kanisani nikiwa mtu yuleyule. Sikuweza kuacha kuandika, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na daftari langu lilikuwa chini ya sanduku la nguo. Nililileta jana. Kabla ya udongo wa tarehe 16 Desemba 1996, dawa ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Novemba, siku thelathini na nne. Kabla ya udongo wa tarehe 28 Aprili 1997, ilikuwa tarehe 8 Machi, siku hamsini na moja. Kabla ya udongo wa tarehe 21 Julai 1997, ilikuwa tarehe 30 Juni, siku ishirini na moja.

Rebeka alizijaza tarehe hizo jana kwa mkono wake, na Daktari Shaibu akaketi, akazisoma pamoja na milimita zake. Siku ishirini na moja, milimita kumi na tatu. Siku thelathini na nne, kumi na moja. Siku hamsini na moja, tisa. Akaniambia, mbele ya watoto wa marehemu, "Mzee, mkono wa mama huyu haukukosea hata mara moja. Hakuwa na udongo safi, lakini alikuwa na udongo unaoonyesha dawa inakaa ardhini siku ngapi. Alikosa tarehe tu." Daftari analichukua leo, na ameahidi kulipeleka pale liliposomwa mara ya kwanza, likiwa na jina langu, kwa kuwa ahadi ya kutotaja majina ilikuwa ya Dorcas, na mimi namfungua nayo. Zahanati nayo, na wote waliokunywa maziwa yangu, wamesikia sasa kutoka kwangu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi dakika ya mwisho, Daktari Shaibu Juma na wenzake wa maabara, Bwana Iqbal aliyetoa gari la kuleta mwili, Bibi Mwanvua ambaye mboga mlizokula leo zimetoka katika matuta yake, majirani wa Nyegezi kwa turubai na maji, na kanisa ambalo sijui kama litaendelea kuniita mzee wake. Fahali aliyechinjwa jana ametoka zizini kwangu. Alichomwa sindano mara ya mwisho tarehe 30 Juni 1997, na tangu hapo hajachomwa tena, nawaambia mkiwa mmekwisha kula ili mjue.

Mdogo wangu Kija, uliniuliza lini. Nimekujibu nikiwa nimechelewa siku mia saba na sita tangu meza ile, na nne tangu wodini. Lala, jina lako ni safi.